Mbona Nyaishozi imejaa wino mwekundu?

Najua nimekuwa kimya. Wapo walioniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika, na yupo mmoja aliyeuliza kama nimeoa. Hakuna cha hilo wala lile. Nilikuwa likizo nyumbani, Nyaishozi, na huko nikajikuta napewa mtihani na mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu siku nyingi. Mtihani wenyewe ulihusu alama za uandishi, zile nukta na mabano tuliyofundishwa tukiwa na kaptula. Nilifeli mara tatu kabla ya kufaulu.

Kwa wale wasiopajua, Nyaishozi ni kata ya Wilaya ya Karagwe, Mkoa wa Kagera, kule ambako ramani ya Tanzania inapakana na Rwanda na Uganda. Unatoka Bukoba, unapita Kyaka, unapanda milima hadi Kayanga na Omurushaka, na kuanzia hapo ni Hiace au bodaboda, kutegemea bahati yako na mvua. Migomba, kahawa, maharage. Asubuhi ukungu unakaa mabondeni kama maziwa yaliyomwagika. Ukitoka Dar es Salaam na joto lake, siku mbili za kwanza huvui sweta.

Mwalimu ninayemsema ni baba yangu mkubwa. Amefundisha maisha yake yote, na tangu astaafu ana kazi moja: anaandika habari za Nyaishozi kwenye kaunta buku. Zimeshafika mbili. Majina ya vilima na maana zake, koo, mwaka wa njaa, nani alichimba kisima kipi. Vichwa vya habari amevipigia mstari kwa rula, kila aya inaanza ndani kidogo, na mwandiko ule wa walimu wa zamani ambao hata daktari angeuonea wivu. Tatizo ni macho. Yanafifia. Siku hizi anasoma kitabu kikiwa kimegusa pua, na kwenye simu amekuza maandishi mpaka neno moja linajaza kioo kizima.

Jioni ya kwanza, baada ya shikamoo na matoke, mjukuu wake mmoja akasema, "Babu, nimetafuta Nyaishozi kwenye Wikipedia." Akasoma kwa sauti. Ni kata, iko Karagwe, iko Kagera, iko Tanzania. Idadi ya watu kwa mujibu wa sensa. Basi. Kurasa za kata zetu nyingi kwenye Wikipedia ya Kiswahili ziko hivyo, na chini yake kuna alama wanayoiita mbegu, yaani ukurasa umepandwa na unangoja mtu wa kuumwagilia.

Baba mkubwa alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, wewe unaandika habari za Bunge, za mpira, za wasanii. Kwenu utapaandika lini?"

Jamani. Swali kama hilo linajibiwaje mbele ya ukoo mzima? Nikasema, "Nitaandika, baba. Kesho jioni itakuwa imekwisha."

Mtu aliyebuni mambo haya ni Mmarekani mtengeneza programu, Ward Cunningham. Wiki ya kwanza aliiweka mtandaoni tarehe 25 Machi 1995 na kuiita WikiWikiWeb, jina alilolichukua kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu. Kwa Kihawaii, wiki wiki maana yake haraka haraka. Kwetu sisi wiki ni siku saba. Mimi nilidhani nimeahidi kazi ya Kihawaii, kumbe ilikuwa ya Kiswahili.

Wazo la Cunningham lilikuwa jepesi. Wakati ule, ukitaka neno lionekane nene kwenye tovuti ilibidi ujue HTML, lugha ya kompyuta yenye mabano yenye ncha, na ukisahau kufunga bano moja ukurasa wote unaharibika. Yeye akataka mtu yeyote aweze kuandika kwa alama ambazo tayari ziko kwenye kibodi. Wikipedia ilipoanza tarehe 15 Januari 2001 ikarithi wazo hilo, na mwaka 2003 ikazaliwa ya Kiswahili. Wakongwe wa mtandao mtamkumbuka Ndesanjo Macha wa Jikomboe. Alikuwa mmoja wa waliojitolea kuiandika katika miaka yake ya mwanzo.

Alama zenyewe unaweza kuzijifunza maji ya chai yakiwa jikoni. Ritifaa mbili kila upande wa neno, ''hivi'', zinalilaza neno. Ritifaa tatu, '''hivi''', zinalikoza. Alama mbili za sawasawa kila upande, == Historia ==, zinatengeneza kichwa cha sehemu. Kinyota mwanzo wa mstari ni orodha, na alama ya reli, #, ni orodha yenye namba. Mabano mraba mawili mawili, [[Karagwe]], ni kiungo cha kwenda ukurasa mwingine. Tangu 2013 Wikipedia ilianza pia kuleta kihariri kinachoonyesha ukurasa kama utakavyotokea, huhitaji alama yoyote. Lakini kwa mtandao wa simu wenye kusuasua, nilibaki na ile njia ya zamani ya kuhariri chanzo. Halafu, nikiri tu, nilijiona mtaalamu.

Bahati nzuri nilifanyia kazi kwenye ukurasa wa mazoezi, kwa hiyo aibu ilibaki nyumbani.

Kosa la kwanza lilitoka shuleni. Nilinakili aya za baba mkubwa kama alivyoziandika, kila aya ikianza ndani. Nikabonyeza kitufe cha nafasi mara tano mwanzo wa kila aya, kama tulivyofundishwa kwenye insha. Nikaangalia hakikisho. Kha! Kila aya ilikuwa imefungiwa ndani ya kisanduku chake, herufi zimekuwa kama za taipureta. Kumbe kwenye wiki mstari ukianza na nafasi, inaelewa kwamba unataka maneno yakae vilevile ulivyoyapanga, kama jedwali au kipande cha programu. Aya haiingizwi ndani. Unaacha mstari mmoja mtupu, basi. Ukibonyeza kitufe cha mstari mpya mara moja tu, inaziunganisha aya mbili kana kwamba hujafanya kitu.

Kosa la pili lilitoka Microsoft Word. Usiku ule mtandao ulikatika, nikaamua kuchapa yote kwenye Word nibandike asubuhi. Asubuhi nikabandika. Hakuna neno hata moja lililokolea. Kurasa zimejaa ritifaa zinaelea hewani kama mbu. Ilinichukua saa nzima kuelewa. Word inajifanya ina adabu, inazipinda ritifaa zako ziwe kama koma zilizoning'inia. Kwa macho yetu ni ritifaa zilezile, lakini kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa, na wiki inaitambua ile iliyonyooka tu.

Hapa Waswahili tuna msalaba wetu wa ziada, maana kwetu ritifaa ni sehemu ya tahajia. Karagwe huwezi kuiandika bila ng'ombe, na ng'ombe huwezi kumwandika bila ritifaa. Ukurasa wa Ng'ombe upo na unatumia ritifaa iliyonyooka. Kiungo changu kilichotoka Word, chenye ritifaa iliyopinda, wiki iliona ni mnyama mwingine. Mnyama mmoja, majina mawili, tofauti ni mkunjo mdogo kuliko punje ya ulezi.

Kosa la tatu ndilo lililoniuma. Vichwa vya habari alivyopigia mstari baba mkubwa, mimi nilivikoza tu kwa ritifaa tatu. Vilionekana vizuri, vinene, vimejitenga. Nikamsogezea kompyuta. Akasogeza pua hadi kwenye kioo, akasema hasomi kitu. Mjukuu akasema simu ina sauti ya kusoma maandishi kwa wasioona vizuri. Akaifungua. Ile sauti ikaanza juu kabisa, ikasoma, ikasoma, bila kituo. Mzee alitaka kufika kwenye habari za visima. Hakuna njia, ikabidi asikilize kuanzia mwanzo.

Nilipobadilisha zile ritifaa kuwa alama za sawasawa, mambo yakabadilika. Kwanza yaliyomo yakajipanga yenyewe, kwa sababu ukurasa ukiwa na vichwa vya kutosha Wikipedia inatengeneza orodha ya yaliyomo bila kuombwa. Pili, ile sauti ikaweza kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Historia. Koo. Vilima. Visima. Mzee akatelezesha kidole, akaruka, akasimama kwenye Visima, akatabasamu.

Ndugu zangu, nimefanya kazi kwenye vyumba vya habari miaka kadhaa sasa na sikuwahi kulifikiria hili. Nilidhani kukoza na kupanga vichwa ni mapambo, kazi ya vijana wa usanifu kurasa. Kumbe alama inasema kitu hiki ni nini. Ritifaa tatu zinasema "hili ni nene." Alama za sawasawa zinasema "hapa unaanza mlango mwingine." Mwenye macho mazima hatofautishi. Mwenye macho yanayofifia anategemea tofauti hiyo ili apate njia.

Baada ya hapo nikaweka viungo. Nilikuwa nimechangamka, nikawekea mabano mraba karibu kila jina: vilima, vijito, koo, vijiji. Nikamwita tena mzee, nikamkuzia maandishi. Akatazama kwa muda mrefu, halafu akarudi nyuma kwenye kiti.

"Mbona Nyaishozi imejaa wino mwekundu?"

Sikuelewa. Akaendelea, "Nimesahihisha madaftari zaidi ya miaka thelathini. Wino mwekundu naujua. Nimekosea wapi?"

Ilibidi nimweleze haraka. Kwenye wiki, kiungo cha buluu kina ukurasa upande wa pili. Chekundu maana yake ukurasa huo bado haujaandikwa. Hakuna aliyekosea. Ni mwaliko tu: yeyote anayejua, abonyeze aanze kuandika. Karagwe ilikuwa ya buluu. Bukoba ya buluu. Speke, yule Mwingereza aliyefika kwa Mukama Rumanyika mwishoni mwa 1861, wa buluu. Vilima vyetu vyote vyekundu.

Akasema, "Kwa hiyo wekundu ni deni."

Nikasema ndiyo, unaweza kuliita hivyo.

Tangu hapo alitaka kujua kila kitu. Kuna mambo mawili aliyonibana nayo ambayo sikuwa na jibu la haraka.

La kwanza ni sarufi. Wiki iliundwa na watu ambao lugha yao inarefuka kwa nyuma. Wao wingi wanauweka mkiani, na wiki inajua: herufi zinazofuata mara baada ya mabano inazimeza ndani ya kiungo. Kiswahili kinabadilikia kichwani. Mkulima, wakulima. Mnyambo, Wanyambo. Ukiandika wa[[kulima]], ile "wa" inabaki nje kama mtoto aliyechelewa shule, na kiungo kinakwenda kwenye Kulima badala ya Mkulima. Dawa yake ni mstari wa wima katikati, [[Mkulima|wakulima]]: kushoto jina la ukurasa, kulia neno unalotaka lionekane. Ila ile -ni yetu ya mahali inapita bila shida. Ukiandika [[shule]]ni, neno lote linakuwa kiungo. Mwalimu alifurahi sana. Akasema, "Angalau mkia wetu wameukubali."

La pili ni mlazo. Nilikuwa nimelaza maneno yote ya Kinyambo, ''omukama'' na wenzake, kwa sababu kanuni ya uandishi inasema maneno ya lugha ya kigeni yalazwe. Akauliza, "Kigeni kwa nani?" Nikaanza kueleza kwamba ukurasa ni wa Kiswahili, kwa hiyo... Nikaishia hapo. Kwenye kaunta buku yake Kinyambo na Kiswahili vimekaa mstari mmoja, vimesimama wima vyote viwili. Tulikubaliana hivi: neno nitalilaza mara ya kwanza tu, pale ninapolieleza, ili msomaji wa Tanga au Mombasa ajue kuwa hajakosea kusoma. Baada ya hapo lisimame na wenzake. Sijui kama kila mhariri atatuunga mkono. Mimi nimeridhika.

Siku ya tano ndiyo ilikuwa nzito. Kila kitu kimepangwa, vichwa viko sawa, viungo viko sawa. Kilichobaki ni vyanzo. Wikipedia inataka jambo lenye kuweza kubishaniwa liwe na chanzo kilichochapishwa, na kuna alama yake, <ref>, inayozaa kinamba kidogo kinachompeleka msomaji chini kuona habari imetoka wapi. Nikapitia kaunta buku mstari kwa mstari nikitafuta cha kuweka mle. Kuhusu Kyerwa kumegwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya mwaka 2012, vyanzo vipo. Kuhusu ufalme wa Karagwe na Bweranyange, vitabu vipo. Kuhusu nani alichimba kisima, hakuna. Maana ya majina ya vilima, hakuna. Mwaka wa njaa kama walivyouishi watu wa hapa, hakuna.

Nikamweleza kwamba kumbukumbu za mtu mmoja, hata zikiwa za kweli kabisa, hazikubaliki peke yake.

Akakaa kimya. Kisha akasema bila kupandisha sauti, "Kwa hiyo Speke aliyekaa Karagwe wiki chache ni chanzo. Mimi niliyezaliwa hapa si chanzo."

Tena Speke huyo jina la mfalme alilitohoa akaandika Rumanika, na nchi akaiita Karague. Lakini alichapisha kitabu mwaka 1863, na kitabu kinashikika. Mtu yeyote, popote, anaweza kukifungua akaona kama nimesema kweli. Kaunta buku iko chini ya kitanda Nyaishozi, na ipo moja tu duniani.

Nilitaka kumtetea mzee, na pia nilitaka kuitetea kanuni, kwa sababu naijua faida yake. Ni kanuni hiyohiyo inayotuzuia sisi waandishi kuchapa kila tunachoambiwa kijiweni. Kesho angekuja mtu wa kijiji cha jirani na kaunta buku yake inayosema kisima kilichimbwa na babu yake. Nani angeamua?

Halafu nikaona jibu, na halikunifurahisha. Jibu lilikuwa mimi. Kama habari za vilima vya Nyaishozi hazijachapishwa popote, ni kwa sababu hakuna aliyezichapisha, na katika ukoo huu mwenye kazi ya kuchapisha habari ni mmoja. Miaka yote hii nimeandika ya Bunge na ya mpira. Sikuwahi kumpelekea mhariri wangu hata makala moja yenye wazee watatu wa Nyaishozi wakieleza, kila mmoja kwa jina lake, kilima hiki kwa nini kinaitwa hivi. Makala kama hiyo ikipita kwa mhariri na kuchapwa gazetini, inaweza kuingia ndani ya <ref>. Kibaraza hiki hakihesabiwi, kwa sababu hapa mhariri ni mimi mwenyewe.

Tuliishia na aya mbili kwa ajili ya ukurasa. Aya mbili kutoka kaunta buku mbili! Mstari wa kwanza aliuchapa mwenyewe, kidole kimoja, pua kwenye kioo: '''Nyaishozi''', ritifaa tatu zilizonyooka kila upande, akizihesabu kwa sauti. Viungo vyekundu tukavipunguza, tukabakiza vile vinavyostahili kweli kuwa na ukurasa siku moja. Aliuliza kama jina la mwalimu aliyemfundisha yeye kusoma linaweza kuwekewa mabano. Nikamwambia hapana, ukurasa wake hautapata vyanzo. Akasema sawa, huyo abaki kwenye kaunta buku.

Ilikwisha siku ya saba. Wiki moja kamili.

Asubuhi ya kuondoka, Hiace ikipiga honi barabarani, alinipa kaunta buku ya kwanza niende nayo Dar. Niliifungua tulipovuka Omurushaka. Alikuwa ameipitia yote usiku kwa kalamu nyekundu, ileile ya kusahihishia. Kuzunguka maneno kadhaa alikuwa amechora mabano mraba, mawili kila upande, yamepinda kidogo kwa sababu ya macho. Vilima, visima, mwaka wa njaa. Pembeni ya kila moja ameandika jina la mzee wa kumuuliza, na pembeni ya baadhi ameongeza: "Wahi huyu."

Nimeyahesabu. Ni mabano ishirini na sita. Kesho namwona mhariri wangu kuomba ruhusa ya kurudi Kagera kikazi, na akikataa nitaomba likizo nyingine. Siku njema wote.